Alipona kansa ya damu, sasa shuleni anachapwa kwa "uzembe". Wazazi na walimu, tuongee

MamaIdi_Moro (#1)

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, nimeuandika usiku tatu watoto wakishalala. Mwenye nafasi naomba asome mpaka mwisho.

Mwanangu wa pili ana miaka 10, yuko darasa la nne. Mwezi wa pili jirani yetu, bibi ninayemheshimu sana, alinifuata jikoni akaniambia, "Mwanao siku hizi ana kiburi, akiniona anakata kona." Niliona aibu. Jioni nikamwita mtoto, nikamuuliza kwa ukali kwa nini hasalimii wakubwa. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mama, nikisema shikamoo vitu vinatoka."

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Nikimtuma dukani sukari, kiberiti na vitunguu, anaondoka huku anarudia kimoyomoyo: sukari kiberiti vitunguu, sukari kiberiti vitunguu. Akikutana na mtu mzima, akasalimia, akaulizwa mama hajambo, shule inaendaje, akiondoka pale kimebaki kitu kimoja au hakuna kabisa. Akirudi na kimoja mimi nagomba. Kwa hiyo alishajitafutia njia ya kule nyuma kwenye mfereji, ambako hakutani na mtu.

Usiku ule sikulala.

Alipokuwa na miaka mitatu na nusu alianza homa za kwenda na kurudi. Tulitibu malaria, tukatibu taifodi, akaongezewa damu mara mbili. Akaanza kukataa kutembea, anasema miguu inauma ndani, na mgongoni ana mabaka ya kuvilia damu kama aliyepigwa. Tukapewa rufaa kwenda Dar. Walichukua uboho wa mfupa wa nyonga, wakatuambia ni kansa ya damu, ile aina inayoitwa ALL, ambayo ndiyo kansa inayowapata watoto wengi kuliko nyingine zote. Dawa zilikwenda zaidi ya miaka miwili: dripu, vidonge vya kila siku, na sindano za uti wa mgongo ambazo nilizihesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Alipomaliza tulichinja mbuzi.

Darasa la kwanza na la pili alikwenda vizuri tu. Darasa la tatu ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu anaandika ubaoni, wenzake wamefika mstari wa nane, yeye yuko wa tatu, na ubao unafutwa. Jedwali la sita tunalikariri usiku anaimba lote, asubuhi halipo. Ukimpa hesabu moja ukamwacha kwa utulivu, anaipata. Ukimpa kumi kwa muda, anatoa nne, na zote nne ni sahihi. Hilo naomba mlishike, maana hakuna mwalimu aliyeliona. Walichoona ni sita alizoacha. Amechapwa siku tatu mfululizo kwa kutomaliza kunakili. Shule siitaji, sijaja kugombana na mtu.

Tulipokwenda kliniki ya ufuatiliaji, daktari kijana alimwangalia macho, akapima damu, akaniuliza, "Na shuleni je?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwaga yote. Akasema hii inajulikana, kwamba dawa zilizomponya zinaweza kuacha alama kwenye kasi ya kufikiri na kwenye umakini, na kwamba mara nyingi huonekana miaka kadhaa baada ya tiba, masomo yanapoanza kuwa mazito.

Nimekuja kuuliza wenye uzoefu. Na nimekuja kusema kwamba mtoto wangu si mvivu.

KijanaWaMto (#2)

Pole sana dada. Hapo kwenye njia ya mferejini nimesimama kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Nafuatilia uzi.

Chaki_Nyeupe (#3)

Mama Idi, pole kwa uliyopitia, lakini niseme upande wa pili maana mimi ni mwalimu wa msingi mwaka wa 14 sasa. Darasa langu lina watoto 94. Kila mzazi akija na sababu ya mwanawe kutomaliza kazi, nitafundisha nani? Watoto wa siku hizi wengi wako taratibu, hawalali mapema, wanashinda kwenye simu. Mtoto akipona amepona. Tukimwambia ana kasoro kichwani, atajilegeza kabisa. Mimi nina hofu hiyo, nasema ukweli.

NesiWaWatoto (#4)

Mwalimu, heshima yako. Nimefanya wodi ya saratani za watoto kwa miaka saba, naomba nieleze kwa nini hili si kisingizio.

Seli za kansa ya damu zina tabia ya kujificha kwenye ubongo na kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Ubongo una kinga yake inayozuia dawa nyingi za mshipani zisipenye. Mwanzoni mwa miaka ya 60 madaktari Marekani waliweza kuisafisha damu ya mtoto, anarudi nyumbani anacheza, baada ya miezi ugonjwa unaibukia kichwani, na anakufa. Katika hospitali ya St. Jude, mjini Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962, timu ya Donald Pinkel iliamua kupiga mionzi kichwani na kuweka dawa ndani ya maji ya uti wa mgongo kabla ugonjwa haujaonekana huko. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 60, karibu nusu ya watoto walianza kupona moja kwa moja, katika ugonjwa ambao kabla ya hapo karibu wote walikuwa wanakufa.

Watoto wale walipokua ndipo ilipoonekana kwamba wengi wanahangaika shuleni, hasa waliopigwa mionzi wakiwa wadogo sana, na tafiti nyingi zikaona wasichana wanaathirika zaidi ya wavulana. Dozi ikashushwa kutoka grei 24 (grei ni kipimo cha mionzi) hadi 18. Baadaye wakajaribu kuiacha kabisa na kutegemea dawa. Mwaka 2009 Memphis walichapisha matokeo ya watoto 498 ambao hakuna aliyepigwa mionzi ya kichwa ya kinga, na zaidi ya 90 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Ndiyo maana leo mtoto wa ALL mara nyingi hapigwi mionzi ya kichwa, anachomwa sindano za mgongo.

Ila dawa nazo si maji. Methotreksati, ambayo ndiyo kubwa kwenye sindano za mgongo, inaizuia seli isitumie foleti, vitamini ambayo seli inaihitaji ili igawanyike. Inaua kansa kwa njia hiyo. Lakini nyuzi za ubongo zina ganda la mafuta, mfano wa ganda la waya wa umeme, na ganda hilo ndilo linalofanya ujumbe upite haraka. Kwa mtoto wa miaka mitatu ganda bado linajengwa. Likiguswa, akili haiondoki. Kinachopungua ni kasi, umakini, na ule uwezo wa kushikilia kitu kichwani wakati unafanya kingine. Rudi usome tena habari ya shikamoo na vitunguu. Ndicho hicho hasa. Ndiyo sababu hesabu huwa ya kwanza kuanguka, maana hesabu ni kubeba namba moja huku unashughulikia nyingine.

Vinkristini, dawa nyingine ya ALL inayopitishwa mshipani, nayo inagusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Vidole vinakosa nguvu, mwandiko unakuwa mzito, wengine wanaburuta nyayo. Kwa wengi hurudi vizuri baada ya dawa kwisha, lakini wako wanaobaki na shida kidogo. Kwa hiyo anaponakili ubaoni anapambana mara mbili, kichwani na vidoleni.

Si watoto wote wanapata haya. Waliotibiwa bila mionzi, wengi akili yao kwa ujumla iko sawa na wenzao. Wanaobaki na shida hii ndio tunaowaita wazembe.

Mzee_wa_Shamba (#5)

Kuna mizizi ya kusafisha sumu za hospitali mwilini na kichwani, mtoto anarudi kama mwanzo. Pia lile ua la pinki na jeupe linalopandwa mbele ya nyumba, nasikia ndiyo dawa ya kansa yenyewe. Mama Idi nitumie ujumbe.

NesiWaWatoto (#6)

Mzee wangu shikamoo. Ua hilo, asili yake Madagaska, kweli ndilo lililotoa vinkristini. Lakini vinkristini inapimwa kwa miligramu chache sana, mshipani, na ikizidi inaua. Majani yaliyochemshwa hayana kipimo. Tafadhali mtu yeyote asimpe mtoto.

Na niongeze moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akiwa bado anatumia methotreksati, usimnunulie vidonge au siropu ya asidi ya foliki "ya kuongeza damu" bila kumuuliza daktari wake. Dawa inazuia foleti, wewe unairudisha kwa mlango wa nyuma. Na akipewa mizizi, mwambieni daktari bila woga, maana ini lake tayari lina kazi kubwa.

BabaZuhura (#7)

Ndugu zangu naandika mikono inatetemeka. Binti yangu ana miaka minne, amegundulika mwezi uliopita, ALL hiyohiyo. Mke wangu ameusoma uzi huu jana. Anasema Alhamisi hatumpeleki sindano ya mgongo. Anasema bora dripu tu, akili ya mtoto ibaki. Mama mkwe naye anamuunga mkono. Mimi sijui niseme nini. Mama Idi, ungejua haya mwanzo ungekubali?

MamaIdi_Moro (#8)

Baba Zuhura, nilipoona ujumbe wako niliacha chakula jikoni.

Ningekubali. Mara zote. Mpe mama Zuhura simu asome mwenyewe hapa: Dada, wodini tulikuwa na jirani wa kitanda, mtoto wa kiume, mcheshi, alimfundisha mwanangu kuhesabu kwa vifuniko vya chupa. Damu yake ilikuwa safi. Wazazi wake walichoka, nauli iliisha, wakakatisha. Walirudi baada ya miezi, mtoto analalamika kichwa na anatapika asubuhi. Ugonjwa ulikuwa umepanda kichwani. Hakutoka tena. Mwanangu anasahau vitunguu, dada. Mama yake yule mtoto sijui leo anafanya nini akipita dukani.

Sikuandika uzi huu ili mtu aogope sindano. Ikiwa umemfanya mtu aogope, basi niliandika vibaya na naomba radhi. Nilitaka mtoto asichapwe.

NesiWaWatoto (#9)

Baba Zuhura, Alhamisi nendeni. Dripu peke yake haitoshi kuulinda ubongo, ndiyo historia niliyoeleza hapo juu: watoto walikufa kwa kukosa hilo tu. Kaka, mwambie daktari hofu ya mama waziwazi, mbele yake, aieleze. Ulizeni: je, ana mionzi kwenye mpango wake? Sindano za mgongo ngapi? Mtamfuatiliaje akifika umri wa shule? Ni maswali halali na daktari hatachukia. Na jambo moja la siku ile: akishachomwa ataambiwa alale chali kwa muda, msimwinue kabla ya kuambiwa.

Akipata degedege, au akaanza kuongea kwa shida, au upande mmoja ukalegea siku chache baada ya sindano, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Hutokea kwa wachache na wengi hurudi sawa, ila lazima aonwe.

Sindano_na_Uzi_254 (#10)

Mimi ni Mkenya, niko Nakuru, ninasoma sana humu lakini siandiki. Leo naandika.

Nilitibiwa ALL mwaka 1992 nikiwa na miaka sita. Nilipigwa mionzi ya kichwa. Wakati ule hakuna aliyewaambia wazazi wangu lolote kuhusu masomo, na siwalaumu madaktari, kazi yao ilikuwa nisife. Nilirudia darasa la sita. KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi wakati ule, sikumaliza karatasi ya hesabu, na yale niliyofanya nilipata. Nyumbani nilikuwa naitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Mionzi ile iligusa hata kimo changu, ndugu zangu wote ni warefu.

Leo mimi ni fundi cherehani, nina duka na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Niwaambie ninavyoishi labda itamsaidia kijana wa Mama Idi. Siwezi kufanya vitu viwili kwa mpigo. Mteja akija ninazima redio. Vipimo naandika akiwa bado amesimama mbele yangu, kiuno, nyonga, urefu, moja moja, na namwambia tafadhali usiniongeleshe mpaka nimalize. Wengine hushangaa mwanzoni. Kitambaa ninachokata hakiharibiki. Fundi mwenye kasi hukata suruali nne kwa siku, mimi mbili, na wateja wangu hawajahama.

Kilichoniumiza katika maisha hii si huo upole wa kichwa. Ni miaka ishirini na zaidi ya kuamini kwamba mimi ni mjinga. Nilijua ukweli nikiwa na miaka 29, kwa daktari aliyeniuliza historia yangu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Alikaa chini. Mama Idi, mwambie mtoto. Mwambie sasa, kwa maneno ya umri wake. Usingoje akue.

Chaki_Nyeupe (#11)

Nimesoma kila kitu, na ya dada wa Nakuru nimeisoma mara mbili. Nafuta niliyoandika #3. Nina mtoto darasani kwangu, sitasema zaidi, ambaye nilijua aliwahi kulazwa Dar muda mrefu "kwa damu". Sikuwahi kuunganisha.

Wiki hii nimejaribu. Nimemhamishia mbele, mbali na mlango. Nampa maswali matano badala ya kumi, yaleyale, na nasahihisha hayo tu. Kunakili nimemwondolea, jirani yake anamwachia daftari. Maelekezo nampa moja baada ya lingine, si matatu kwa pamoja. Na watoto 94 inawezekana, haikunichukua hata dakika tano kwa kipindi. Jumatano alimaliza kazi yake kabla ya kengele, akaileta mwenyewe mezani. Tangu Januari hajawahi.

Kwa wazazi, mambo mawili ya kazi yetu ambayo mna haki ya kuyajua. La kwanza ni fimbo: kanuni za mwaka 2002 zinataka zisizidi nne, na mchapaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, tena kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kutomaliza kunakili si utovu wa nidhamu. Mama Idi, unaweza kulisema hilo kwa mwalimu mkuu kwa upole na atakuelewa.

La pili ni mitihani ya NECTA, baraza letu la mitihani la taifa. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu hupewa muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Haliji lenyewe. Barua ya daktari inayoeleza tatizo ipelekwe kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili, aifikishe kwa afisa elimu. Kwa mtoto anayepata nne kati ya nne kwa sababu muda umeisha, dakika 20 ni nyingi sana.

MamaIdi_Moro (#12)

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimekwenda shuleni Ijumaa na barua ya kliniki. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta mwalimu mkuu anavuta kiti. Tumeongea saa nzima. Yule mwalimu aliyemchapa aliitwa, akasoma barua, akaomba mtoto aje. Sitaandika walichoongea, ni chao.

Na dada wa Nakuru, nimemwambia. Tulikaa ngazini jioni. Nikamwambia ulipokuwa mdogo damu yako iliugua, dawa ilikuwa kali sana, ikaufukuza ugonjwa lakini ikaacha njia moja ya kichwani imekuwa nyembamba, vitu vinapita kimoja kimoja. Akauliza, "Vikipita kimoja kimoja vinafika?" Nikasema vinafika. Akaenda kucheza. Sasa namwandikia kikaratasi cha dukani.

BabaZuhura (#13)

Tumetoka sindano. Mama yake ndiye aliyemshika. Daktari alimjibu maswali yote, hana mionzi kwenye mpango wake. Amelala chali saa nzima kama mlivyosema, sasa ameamka anadai chipsi.

Tumenunua daftari maana Mama Idi umesema uliacha kuhesabu na tusingependa tuache. Tunaandika nini?

NesiWaWatoto (#14)

Kila siku ya dawa andika tarehe, jina la dawa, kiasi, na imeingia mshipani au mgongoni. Sindano za mgongo zipe namba. Degedege, homa kali, siku za kulazwa, vyote. Daktari atakayemwona akiwa na miaka 20 atahitaji daftari hilo kuliko cheti chochote.

MamaIdi_Moro (#15)

Na ukurasa wa kwanza, Baba Zuhura, kabla ya dawa yoyote: andikeni anajua nini leo. Anahesabu mpaka ngapi, anaimba nyimbo gani mpaka mwisho, anaweza kutumwa vitu vingapi. Mimi sikuandika, na kliniki waliponiuliza mwanangu alikuwaje kabla, nilibaki naangalia sakafu.

BabaZuhura (#16)

Mama yake anaandika sasa hivi. Mpaka ishirini na tisa, halafu anasema ishirini na kumi.